Mbwa Mzee Aliyeogopa Jua

Kwa miaka mingi watu wa Kambarage, mtaa wetu hapa Shinyanga, waliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama desturi inavyotaka, mpaka mbwa walipompokonya nafasi yake. Sasa naitwa Mama Mbwa. Wapo wanaoniita hivyo kwa utani, wapo wanaoniita kwa dharau, na mimi naitika tu, maana nikianza kuchagua nitagombana na mtaa mzima. Nina duka la dawa za mifugo. Mtu anakuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi au chanjo ya kideri ya kuku, tunaongea habari za mvua na bei ya pamba, halafu akiwa anaondoka anageuka na kuuliza kwa sauti ya chini kama sina kitu cha kumpa mbwa aliyezeeka, alale asiamke.

Swali hilo ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii ya kuwatafutia mbwa wazee nyumba. Mbwa amelinda nyumba tangu akiwa mtoto, meno yakianza kung'oka anaulizwa anakula cha nani. Nilikuwa nashindwa kujizuia. Namuuliza mteja, na baba yako je, bado analima? Mteja ananuna, anaacha dawa juu ya meza, anaondoka. Siku moja mume wangu akaniambia kwamba kwa mdomo huu tutafunga duka, na kama ni hivyo basi afadhali niwachukue hao mbwa wenyewe kuliko kuwatukana wenye mbwa. Alisema kwa hasira. Mimi nililichukua neno lake kama ruhusa, na mpaka leo analijutia.

Ua wetu si mkubwa. Upande wa kulia anaishi mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa mchele, ambaye babu zake walitoka pwani wakaoa huku bara. Mbwa wa kwanza walipofika nilimwendea mwenyewe kabla hajanijia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mbwa wa watu hawana neno, ila wasije wakamgusa na pua zao akiwa na kanzu yake ya kwenda kuswali. Tangu hapo saa za swala nawafunga, na yeye akisikia kwa wateja wake kwamba fulani amebaki peke yake nyumbani, ananiletea habari. Tumeishi hivyo vizuri.

Kumtafutia mbwa mzee nyumba ni kazi ya kukataliwa. Kila mtu anauliza swali moja, anabweka? Huku mbwa ni mfanyakazi, na hakuna anayeajiri mstaafu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wenye mali ya kulindwa si watu wangu. Watu wangu ni wale wasio na mtu wa kusema naye jioni. Mwalimu mstaafu, mjane, baba ambaye watoto wote wamekwenda machimboni na hawapigi simu. Hao huwa hawaulizi kama anabweka, wanauliza anakula nini.

Mbwa ninayetaka kumsema aliletwa na familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Walikuwa wanahamia Dar es Salaam kwa watoto wao, na huko wangekaa ghorofani. Mama wa familia alimleta mwenyewe, akalia mbele ya wateja wangu bila kujificha, akaniomba nisimpe mtu atakayempiga. Alikuwa dume kubwa, la rangi ya majani makavu lenye mgongo mweusi, masikio wima, mdomo umeshaota mvi. Nyonga zilikuwa zimekwisha. Mabega yalibaki juu pale pale, kiuno kikashuka, kwa hiyo akitembea mgongo wake ulikuwa mteremko mtupu, na miguu ya nyuma ikiburuta kidogo.

Alikuwa amelelewa kwa namna mbwa wengi wa ulinzi wanavyolelewa mijini kwetu. Kukipambazuka anafungwa mnyororo kwenye banda la giza, asione watu, asizoee mtu, ili abaki mkali. Usiku ukiingia anafunguliwa azunguke ghala. Maisha yake yote hakuwahi kukaa juani. Kwangu pia alikuwa hivyo. Mchana kutwa alijichimbia stoo nyuma ya magunia ya pumba, jua likizama anatoka, anaanza kuzunguka ua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kama vile bado kuna saruji ya mtu ya kulindwa. Watu walikuja kumwona, wakachungulia stoo, wakaona macho tu, wakaniaga.

Aliyemtaka alikuwa bibi mmoja kutoka kitongoji kimoja mbele ya Kharumwa. Alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwa binti yake, ambaye nyumba yake imegusana na ukuta wetu wa nyuma. Macho ya bibi yule yalikuwa mekundu kabisa. Moshi tu, moshi wa miaka yote ya kupikia mabua ya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha. Asiye wa huku ataona ni ugonjwa wa macho basi. Sisi wa huku tunajua. Bibi mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, hahitaji kufanya lolote ili aitwe mchawi, na akishaitwa hivyo hayuko salama tena kwake. Wanawake wameuawa kwa ajili ya macho yao. Nalisema kama lilivyo, kwa sababu kulizungukazunguka ndiko kunakolilea.

Binti alitaka abaki mjini. Aliniita nimsaidie kumshawishi, tukakaa uani kwangu tukinywa chai, nikaongea weee. Bibi alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema usiku watu wanarusha mawe juu ya bati lake, na kwamba anajua maana yake. Lakini hatoki.

"Nikiondoka watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli," alisema. "Nitakuwa nimewapa jibu."

Kaburi la mume wake lilikuwa pale, na mihogo yake, na shamba ambalo tangu wachimbaji waanze kupata mawe mazuri ya dhahabu jirani yake, kulikuwa na mtu wa ukoo wa mume aliyekuwa akiliulizia kila anapopita. Huyo mtu namjua, na yeye anajua kwamba namjua. Tuliache hapo.

Jua lilikuwa limezama tukiwa bado tumekaa, na yule mbwa akatoka stoo kuanza zamu yake. Bibi akamtazama akipita, akarudi, akapita tena.

"Huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Amezeeka."

"Anabweka?"

"Kwa shida."

"Basi tutasaidiana kubweka," akasema, na binti yake akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Alieleza kwamba hataki mbwa wa kuuma mtu. Anataka kuwe na kingine kinachopumua ndani ya nyumba, akisikia hatua nje asiwe amezisikia peke yake. Nilifurahi, sifichi. Nyumba za kumweka mbwa yule nilikuwa nimezimaliza zote.

Tulimpeleka kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha mume wangu, kwa sababu hakuna basi litakalokubali mbwa wa ukubwa ule. Mume wangu alinung'unika mpaka Kahama, Bugarama akanyamaza kwa vumbi, na tulipofika kwa bibi alikuwa wa kwanza kushuka kumbeba mbwa asiruke akaumia. Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, safi, imezungukwa na ua wa minyaa. Mbwa aliingia ndani moja kwa moja, akakuta uvungu wa kitanda, akalala. Bibi akasema mgeni mwenye adabu huyo, hata maji hajaomba.

Baadaye akawa ananipigia kwa simu yake ndogo. Wanaelewana. Anakula ugali na dagaa, maziwa anayapenda zaidi. Usiku anazunguka nyumba. Halafu akanipa habari iliyonifanya nijisifu mtaa mzima: mawe yamekoma. Nilimwambia mume wangu, nilimwambia mzee wa mchele, nilimwambia kila aliyeingia dukani. Mbwa mliyesema hana kazi, haya, njooni mwone kazi yake. Sikujiuliza kwa nini yamekoma. Nilidhani najua.

Binti yake ndiye aliyekuja kunieleza. Aliingia dukani asubuhi, akasubiri mteja atoke, akasema, "Huko nyumbani wanasema mama anafuga mbiti."

Mbiti ni fisi kwa Kisukuma. Na fisi huku si mnyama tu. Tumelelewa tukiambiwa kwamba wachawi wanawafuga ndani, wanawanywesha maziwa, na usiku wanawapanda kwenda kwenye shughuli zao. Mwanzoni nilicheka, kicheko cha hasira. Kisha nikamwona yule mbwa kichwani mwangu kama wao walivyokuwa wakimwona. Mchana haonekani na mtu yeyote. Usiku kivuli kikubwa kinatoka kwenye nyumba ya bibi mwenye macho mekundu, mabega juu, kiuno chini, kinachechemea kuzunguka minyaa. Mawe yalikoma kwa sababu waliacha kumchokoza bibi, wakaanza kumwogopa.

Niliondoka siku hiyo hiyo. Mume wangu alisema nimchukue mbwa nirudi naye, mambo yaishe, na njia nzima nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Bibi akakataa. Alikaa kwenye kigoda chake, mbwa yuko ndani uvunguni, akaniuliza nikimchukua kimyakimya watu watasema nini. Nikajibu mwenyewe: watasema amemficha. Au amemgeuza kitu kingine. Hakukuwa na njia ila mbwa aonekane, mchana kweupe, na kila mtu, mpaka wachoke kumwona.

Kwa hiyo nikabaki kule, tukaanza kumfundisha mbwa mzee jua. Si rahisi. Tulimvuta mpaka mlangoni kwa dagaa, akawa anatetemeka mwili mzima, anafumba macho, anarudi ndani. Kesho yake tena. Bibi akawa anaketi kizingitini kabisa, nusu ndani nusu nje, anamsemesha Kisukuma polepole kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Siku aliyolala nje, kwenye kivuli cha paa, kichwa juu ya mguu wa bibi, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Mbwa alikuwa na miaka yote ile na hakuwahi kujua kwamba mchana kuna joto zuri la kulalia.

Nilimwita mwenyekiti wa kitongoji aje amtazame. Mtu mpole, mwoga kidogo, anayependa kukubaliana na kila anayeongea naye. Alikuja, akasimama mbali, mwisho akasogea akamgusa sikio.

"Ni mbwa," akasema.

"Mimi najua ni mbwa," nikamwambia. "Usiniambie mimi. Kawaambie wenzako."

Alisema atawaambia. Wanawake wawili watatu wakaja pia, wakasimama nje ya minyaa na mitungi yao, mmoja akaomba amwone akinywa maji. Nikamwekea maji, akanywa. Wakatazamana. Yule aliyeomba akamwamkia bibi, jambo ambalo bibi aliniambia hakuwa amelifanya tangu mvua zilipoanza. Bibi akaitikia na kumuuliza habari za watoto, wakaongea hapo hapo kwenye minyaa mpaka wenzake wakaanza kumwita. Jioni ile bibi alipika kuku. Nilimwambia asipoteze kuku wake kwa ajili yangu, akanijibu kwamba si kwa ajili yangu.

Jambo lililobaki lilikuwa usiku. Tulikubaliana usiku mbwa afungiwe ndani, na bibi alifunga kweli, kwa kamba na gogo. Lakini mnyama aliyetembea usiku maisha yake yote huwezi kumwambia sasa lala. Alikuwa akikwaruza mlango na kulia kwa sauti nyembamba, na bibi naye halali, anamwomba anyamaze. Nikamwambia atazoea. Nikarudi Shinyanga kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na mume wangu alikuwa amechoka kula chapati za kununua. Nilirudi nikiwa na moyo mwepesi, nilikuwa nimeshaanza hata kuwahadithia watu.

Binti aligonga lango letu asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Amepigiwa simu kutoka kule, mbwa ameuawa. Tumbo lilikuwa limemsumbua, amelia sana, bibi akamfungulia ili asijichafue ndani, na hakwenda mbali. Alifika kwenye minyaa tu. Mapanga na mkuki. Nilimuuliza mama yako yuko wapi, akasema yuko nyumbani, hajambo, hataki kuongea kwenye simu. Mume wangu alikuwa ameshawasha kirikuu kabla sijamwambia.

Tulipofika na binti tulikuta watu wengi uani, wanaume kwa wanawake, wamesimama kimya kama kwenye msiba. Mbwa alikuwa kwenye njia ya kuingilia, amefunikwa kanga ya bibi. Walikuwa wameshamfunua na kumtazama. Mchana, akiwa amelala ubavu, hakuwa na mteremko wowote. Alikuwa mbwa mzee mwenye mvi mdomoni na kipara shingoni pale mnyororo ulipokuwa ukimsugua kwa miaka ya ghalani. Hakuna mtu pale aliyeweza kusema kitu kingine. Mwanamke yule aliyeomba kumwona akinywa maji alikuwa akilia.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima maneno ya kuwaambia. Nina mdomo, sikatai, na siku ile ungenisaidia. Lakini bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, amejifunga kanga vizuri, ameosha uso, na aliponiona akanyoosha kiganja kidogo kunizuia.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema, mayu, kitongoji kinakupa pole. Akasema ni giza, ni hofu, vijana hawakujua. Akamvuta mbele kijana mmoja mwenye matope ya machimboni mpaka magotini, mchimbaji wa kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya jirani, ambaye ndiye aliyechoma mkuki. Kijana alikuwa anatazama chini. Akasema samahani, mayu, tulidhani ni mbiti, asubuhi ndiyo tumeona ni mbwa.

Bibi akamtazama kwa macho yake yale. Kijana akageuza uso.

"Mmemwona ni mbwa baada ya kumuua," bibi akasema, bila kupandisha sauti. "Na mimi mngeniona ni mtu lini?"

Hakuna aliyejibu. Nilisubiri mmoja wao aseme kitu, hata uongo, hata lile neno rahisi la kwamba mayu sisi hatukuwahi kukufikiria vibaya. Ninaandika haya na bado nina hasira na ule ukimya kuliko hata mkuki.

Bibi akasimama. Akamwambia kijana achimbe shimo pembeni ya mihogo, refu, wanyama wasifukue. Kijana akachimba, na alichimba vizuri, ndiyo kazi yake. Tukamzika mbwa na kanga yake. Kisha bibi akaingia ndani, akatoka na ufunguo mkononi, akawaambia waliokuja kumpa pole kwamba kama kweli wamekuja kumsaidia, basi wamsaidie kufunga mizigo.

Mume wangu akanitazama. Nami nikamtazama binti. Kwa muda wote ule tuliomshawishi ahamie mjini, hakuna aliyetamani ushindi wa namna hii.

Wakafunga mizigo. Walifanya kazi kwa bidii na kwa heshima kubwa, siwezi kuwasingizia. Kijana wa mkuki alibeba godoro kichwani, mwenyekiti akakunja mkeka, wanawake wakafunga vyombo kwenye kanga na kuweka majani katikati visigongane. Kuku walikamatwa, wakafungwa miguu kwa upole. Watu wakasukuma kirikuu kilipozama kwenye mchanga. Wakapunga mikono.

Tulifika barabara kubwa, binti akiwa nyuma na mizigo. Bibi alikuwa katikati yetu pale mbele, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Nikamuuliza kama vitu vyake vyote vimepakiwa.

"Vyote," akasema. "Wamenibebea vizuri. Hata chungu kimoja hakikuvunjika."